Sura ya Saba: Nimemaliza Riwaya, Wakala Nampataje?

Mtu aliyemaliza riwaya yake ya kwanza huwa na swali moja, na kwa kawaida halihusu uandishi: "Sasa nampataje wakala?" Utalisikia kwenye warsha na kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi chipukizi. Mara nyingi anayeuliza hajui vizuri wakala hufanya nini. Amesikia tu kwamba bila yeye milango ya London na New York haifunguki. Alichosikia ni kweli, ila si kweli kwa kila mwandishi.

Wakala wa waandishi ni mtu anayemwakilisha mwandishi mbele ya wachapishaji. Husoma mswada, yaani kazi iliyoandikwa lakini haijawa kitabu, na humshauri mwandishi namna ya kuurekebisha. Kisha huupeleka kwa wahariri anaowafahamu, hujadili mkataba, na hufuatilia malipo mwaka hadi mwaka. Kazi hii si ngeni. A. P. Watt aliianza London miaka ya 1870 kwa kamisheni ya 10%, na miongoni mwa aliowawakilisha walikuwamo Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle. Siku hizi kiwango cha kawaida ni 15% kwa kitabu kilichouzwa katika nchi ya wakala, na 20% kwa haki zinazouzwa nje, zikiwemo za tafsiri.

Ishike hiyo 15%, maana karibu kila kitu katika sura hii kinatokana nayo. Wakala halipwi mpaka wewe ulipwe.

Umeandika kwa lugha gani?

Kama riwaya yako ni ya Kiswahili, huhitaji wakala. Nalisema hili mapema na kwa mkazo, kwa sababu kuna vijana wenye miswada mizuri ya Kiswahili wanaohangaika kutafuta mtu ambaye soko lao halimtumii. Katika vitabu vya Kiswahili mwandishi humwendea mchapishaji mwenyewe. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991. Nairobi kuna East African Educational Publishers na Longhorn. Unapeleka mswada, unasubiri wasomaji wa kampuni watoe maoni yao, kisha mnakaa mezani kujadili mkataba. Mlango mwingine ni tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na imepokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Aliyemlipa mtu ampelekee mswada wa Kiswahili kwa mchapishaji amelipia barua pepe ambayo angeituma mwenyewe.

Ukiandika kwa Kifaransa, kama wafanyavyo ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, desturi ya Paris nayo ni tofauti: waandishi wengi bado hupeleka miswada moja kwa moja kwa wachapishaji.

Wakala anakuwa wa lazima pale unapoandika kwa Kiingereza na unataka kitabu kitolewe na kampuni kubwa ya Uingereza au Marekani. Penguin Random House, HarperCollins, Hachette, Simon & Schuster na Macmillan kwa kawaida hazisomi riwaya ambayo haikuletwa na wakala. Wahariri wao wamemwachia wakala kazi ya kuchuja. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa namna hiyo, awe Mombasa, Kampala, Muscat au Minneapolis.

Wakala anakula wapi?

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mchapishaji wa London amekubali kukupa pauni 10,000 kama malipo ya awali, yaani fedha anazopewa mwandishi kabla kitabu hakijauzwa. Baadaye fedha hizo hufidiwa kutoka kwenye mrabaha wako, ambao ni fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa. Wakala atachukua 15%, sawa na pauni 1,500, na wewe zitakubakia 8,500. Lakini hazitoki kwa mkupuo. Kwa kawaida hugawanywa katika awamu tatu au nne: mkataba ukisainiwa, mswada wa mwisho ukipokelewa, kitabu kikitoka, na pengine toleo la bei nafuu likitoka. Zikiwa awamu nne, kila awamu wewe utapata pauni 2,125 na wakala wako 375.

Iangalie hiyo 375. Huenda huyu mtu amesoma mswada wako mara tatu, amekuandikia kurasa za maoni, na ameutuma kwa wahariri kadhaa katika kipindi cha mwaka mzima. Ndiyo maana swali lake si kama riwaya yako ni nzuri tu. Anajiuliza kama yupo mhariri anayemjua ambaye ataitaka, na kama yeye mwenyewe anaipenda kiasi cha kuihangaikia miezi mingi bila malipo. Anaweza kuisifu kwa dhati na bado akaikataa, na hapo hajakudanganya.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomfichua tapeli. Sote tunamjua dalali wa nyumba anayedai hela ya kuonyeshwa kabla hujaona hata mlango wa chumba. Wakala wa waandishi hana hela ya kuonyeshwa. Anayekutoza ada ya kusoma mswada, ada ya usajili au ada ya kukutangaza kwa wachapishaji ameshapata chake, hivyo hana tena sababu ya kuuza kitabu chako. Mtilie shaka mtu pia iwapo:

- yeye ndiye aliyekuandikia kwanza, akisifu mswada ambao hukumtumia;
- anatumia jina la wakala anayejulikana, lakini anwani yake ya barua pepe si ile iliyo kwenye tovuti ya kampuni;
- hawezi kukutajia vitabu alivyouza na waliovinunua;
- anakusukuma usaini leo.

Uingereza ina chama cha mawakala kiitwacho Association of Authors' Agents, kilichoanza mwaka 1974. Marekani ina Association of American Literary Agents. Vyote viwili vina kanuni za maadili na orodha za wanachama ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Upo pia mradi wa Writer Beware, unaoungwa mkono na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na za ajabu cha Marekani. Huchapisha habari za matapeli wa sekta hii, na kuusoma ni bure. Kabla ya kumjibu mtu anayejiita wakala, tafuta jina lake huko.

*Kwa ufupi: fedha hutoka kwa mchapishaji, hupitia kwa wakala, ndipo zikakufikia wewe. Zikianza kutoka kwako, ondoka.*

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Maliza riwaya. Vitabu vya maarifa na vya siasa vinaweza kuuzwa kwa pendekezo na sura chache, lakini riwaya ya kwanza huombwa ikiwa kamili. Wakala akivutiwa atataka mswada wote siku hiyohiyo, na jibu la "nakaribia kumaliza" humfanya aendelee na mwingine. Urefu nao unaangaliwa: riwaya ya kwanza ya watu wazima kwa kawaida huwa kati ya maneno 70,000 na 100,000. Ukileta maneno 180,000, wapo watakaokataa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kitabu kinene ni ghali kukichapa na jina lako bado halijulikani.

Kisha chagua. Njia ninayoiamini kuliko zote haina gharama. Chukua riwaya nne au tano za miaka ya karibuni zinazofanana na yako kwa aina ya hadithi au kwa msomaji wake, ufungue kurasa za mwisho. Kwenye shukrani mwandishi karibu kila mara humtaja wakala wake. Hapo umepata jina la mtu ambaye kweli ameuza kitabu cha namna yako. Ongeza majina kutoka Writers' & Artists' Yearbook, kitabu cha mwaka kinachotolewa London tangu 1906, au kutoka tovuti ya QueryTracker ambako waandishi huweka kumbukumbu za majibu wanayopata.

Kila kampuni ina ukurasa, mara nyingi umeandikwa Submissions, unaoeleza nini kitumwe na kwa namna gani. Usome na kuufuata neno kwa neno. Waingereza wengi huomba barua, muhtasari na sura tatu za kwanza. Wamarekani wengi huomba barua na kurasa tano au kumi tu, zikiwa ndani ya barua pepe yenyewe kwa sababu hawafungui viambatisho vya mtu wasiyemjua. Angalia pia wakala anashughulikia vitabu gani: mtu wa riwaya za kijasusi hatabadilisha msimamo kwa sababu hadithi yako ya mapenzi ni nzuri. Katika kampuni moja mwandikie mmoja tu.

Barua yenyewe

Hapa ndipo waandishi wa kwetu wanapopoteza nafasi, na wanaipoteza kwa adabu. Tumelelewa kuanza barua kwa salamu, hali ya afya na maneno ya unyenyekevu. Nyumbani huo ni utu, na mtu asiyesalimia hafai. Lakini wakala anayepokea maelfu ya barua kwa mwaka hatafuti salamu. Jina lake, limeandikwa bila kukosewa, ndiyo heshima anayoitarajia. Baada ya hapo anataka hadithi. Usimwombe msaada wala usimwambie kuwa hii ni ndoto yako ya utotoni. Unamletea biashara ambayo yeye pia anaweza kupata riziki kwayo.

Barua nzima isizidi ukurasa mmoja, maneno kati ya 250 na 400. Aya moja itaje jina la riwaya, aina yake, idadi ya maneno, na kwa nini umemwandikia yeye. Aya moja au mbili zieleze hadithi. Aya ya mwisho ikutambulishe kwa sentensi mbili au tatu.

Aya ya hadithi ndiyo ngumu. Tuseme umeandika riwaya inayotokea kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe mwaka 1967. Waandishi wengi wataieleza hivi:

"Riwaya yangu inazungumzia ufisadi, mapenzi, nafasi ya mwanamke na mabadiliko ya jamii baada ya uhuru. Ni hadithi ya kusisimua itakayomgusa kila msomaji."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna kitu cha kuona pia. Aya hiyo ingewekwa kwenye riwaya mia nyingine na bado ikafaa. Ni lugha ya mtihani wa fasihi, dhamira zimeorodheshwa na hadithi yenyewe imesahauliwa. Sasa linganisha:

"Tatu ni karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge. Mwisho wa mwezi mmoja anakuta kwenye orodha jina la baba yake, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita, na mbele ya jina hilo kuna alama ya kidole gumba: mshahara umepokelewa. Anaanza kuhesabu marehemu wengine. Wako 41, na anayeidhinisha malipo yao ni mjomba wake, mtu aliyemlipia ada mpaka akapata kazi hii. Serikali imetangaza kuchukua mashamba, na wakaguzi wanafika Jumatatu."

Hapa tunaye mtu, tatizo, mtu wa pili ambaye hawezi kumshtaki bila kuumia, na siku inayokaribia. Ufisadi na nafasi ya mwanamke vimo ndani yake bila kutajwa. Angalia pia kwamba mwisho haukutolewa. Barua huishia pale msomaji anapotaka kujua mjomba atafanywa nini.

Muhtasari ni kitu kingine kabisa. Huo ni ukurasa mmoja au kurasa mbili zinazosimulia hadithi yote kwa wakati uliopo, pamoja na mwisho wake. Kuna waandishi wanaouficha mwisho wakidhani wanamchochea wakala. Wakala hasomi muhtasari kwa raha. Anakagua kama umeweza kuibeba hadithi mpaka mwisho bila kuidondosha njiani, hivyo mwambie wazi Tatu aliamua nini.

Kwenye aya ya kujitambulisha taja vitu vinavyohusika. Ulikulia kwenye mashamba ya mkonge? Sema. Hadithi fupi yako ilichapishwa? Itaje, na jarida lake. Hadithi fupi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor alipata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka 2003 kwa hadithi iliyochapishwa na jarida la Kwani? la Nairobi, na riwaya yake ya kwanza, *Dust*, ikatolewa Marekani mwaka 2014. Okwiri Oduor aliipata tuzo hiyo mwaka 2014, riwaya yake *Things They Lost* ikaja 2022. Miaka ni mingi kote kuwili, lakini kila mmoja alikuwa na jina kabla ya kuwa na riwaya. Kama huna cha kutaja, aya iwe fupi na basi. Kila mwaka hupatikana watu waliochukuliwa bila sifa yoyote zaidi ya kurasa zao.

Kungoja

Usitume kwa mawakala 50 siku moja. Anza na sita hadi wanane, uandike kwenye daftari nani ametumiwa nini na lini. Kuwaandikia kadhaa kwa pamoja kunakubalika, isipokuwa aliyeomba kuusoma mswada peke yake kwa muda fulani. Majibu huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, na kampuni nyingi hutangaza kwamba zisipojibu katika muda zilioutaja ina maana zimekataa. Ukimya huo unauma, hasa kwetu ambao kutomjibu mtu ni dharau, lakini hapo ni utaratibu wa kazi tu. Usimfuate wakala kwa simu wala kwenye ukurasa wake wa Instagram.

Kukataliwa kuna habari ndani yake ukijua kuisoma. Ukiandikia watu wanane na hakuna hata mmoja aliyeomba kusoma zaidi, tatizo liko kwenye barua au kurasa za mwanzo, kwa sababu ndivyo pekee walivyoviona. Zirekebishe kabla ya kutuma kundi la pili. Ikiwa watatu waliomba mswada wote kisha wakaukataa, barua inafanya kazi na riwaya ndiyo inayolegea mahali. Na wakala akikuandikia sababu mahususi, hata sentensi mbili, hiyo si barua ya kawaida, maana ametoa muda ambao halipwi. Mshukuru kwa ufupi, bila kubishana, na uipime sababu yake kwa utulivu. Kathryn Stockett, Mmarekani aliyeandika *The Help*, alikataliwa mara 60 kabla ya kupata wakala, na katika kipindi hicho hakuacha kuifanyia kazi riwaya ile. Ilitoka mwaka 2009, ikauzwa kwa mamilioni. Wanaosimulia kisa hiki husifu uvumilivu wake, nami naona kilichomsaidia zaidi ni kuandika upya.

Akisema ndiyo

Wakala anayetaka kukuchukua ataomba mzungumze, kwa kawaida kwa simu ya video. Hapo furaha hufanya watu wakubali kila kitu. Mazungumzo hayo ni ya pande mbili, na una haki ya kumuuliza:

- Anataka nini kibadilike kwenye riwaya?
- Ataipeleka kwa wachapishaji gani, na isipouzwa atafanya nini?
- Kamisheni yake ni kiasi gani, na kuna gharama nyingine anazokata?
- Mkitaka kuachana, taarifa ni ya muda gani, na nini kitatokea kwa mikataba aliyokwisha kuitafuta?

La kwanza ndilo zito. Kama anataka Tatu awe mwanahabari Mwingereza anayetembelea Korogwe, afadhali mjue mapema kwamba hamuoni kitabu kimoja. Yeye naye atakuuliza unaandika nini sasa, kwa kuwa anatafuta mwandishi wa vitabu vingi. Uwe na jibu.

Usisaini siku hiyo. Waandikie mawakala wengine walio na mswada wako kwamba umepata ofa, uwape wiki moja au mbili waamue, na umweleze hivyo aliyekupa ofa. Wote wanaijua desturi hii na hakuna atakayechukia. Mkataba wenyewe usomwe na mtu anayeelewa haki za kazi za ubunifu. Uingereza, Society of Authors huwasomea wanachama wake mikataba.

Jambo moja zaidi, ambalo wakala wa London hatalikumbuka usipolitaja wewe. Mchapishaji wa Uingereza kwa desturi huomba haki za Kiingereza kwa nchi za Jumuiya ya Madola, na humo mna Kenya, Tanzania na Uganda. Ukikubali hivyo hivyo, kitabu chako kitafika Nairobi kwa meli na kwa bei ya London, na msomaji uliyemwandikia hatamudu. Inawezekana kujadili njia nyingine. *Dust* ya Owuor, kwa mfano, ilipata toleo la Kenya kupitia Kwani?. Na haki za Kiswahili zitajwe kivyake. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili, *Peponi*, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ni miaka 28. Mwambie wakala wako tangu mazungumzo ya kwanza kwamba haki za Afrika Mashariki na za Kiswahili unataka zibaki mikononi mwako, au ziuzwe kwa mchapishaji wa huku, na hakikisha hilo limeandikwa kwenye mkataba kabla ya kushika kalamu.